Dreamcast na PS2: moja ilizikwa, nyingine ikaingia kila kibanda. Kwa nini?

MtotoWaChumbageni

Wakuu heshima kwenu. Jana nimebishana na mdogo wangu mpaka chai ikapoa. Yeye kazaliwa 2001, mwaka uleule kampuni ya Sega walioizika Dreamcast, kwa hiyo anaijua kwa YouTube tu. Anasema mashine ya gemu ikifeli basi ilikuwa mbovu, sokoni hakuna dhuluma. Mimi nasema Dreamcast haikuwa mbovu hata kidogo.

Tazameni zilivyokaa:

Dreamcast: ilitoka Japani Novemba 1998, Marekani 9 Septemba 1999 kwa dola 199. Modemu imo ndani, unacheza na mtu wa mji mwingine kwa laini ya simu. Matundu ya pedi manne. Saa 24 za mwanzo Marekani ziliondoka zaidi ya 225,000. Jumla mpaka inakufa: milioni 9 na kidogo. Uzalishaji ulisimama Machi 2001.

PS2 ya Sony: Japani Machi 2000, Marekani Oktoba 2000 kwa dola 299. Matundu ya pedi mawili, modemu hakuna. Jumla: zaidi ya milioni 155, na walikuwa bado wanaitengeneza mpaka karibu na 2013.

Yaani iliyowahi, ya bei nafuu, yenye mazagazaga yote, ndiyo iliyokufa. Naombeni maelezo, na msiniambie "Sony ni Sony". Mwaka 1993 nani alikuwa anamjua Sony kwenye gemu?

Nawasilisha.

Fundi_Redio

Mkuu, jibu lina herufi tatu: DVD.

Mwaka 2000 deki ya DVD ilikuwa kitu cha mwenye nacho. Kule Japani PS2 ilikuwa rahisi kuliko deki nyingi za DVD zilizokuwa madukani. Baba anayekataa kununua gemu anakubali kununua deki, na mtoto anapata gemu kwa mlango wa nyuma. Dreamcast ilitumia CD za kwao wenyewe, GD-ROM, ujazo gigabaiti 1 hivi, na filamu haichezi. GameCube ya Nintendo ikaja na vi-CD vidogo kama visosi, nayo filamu haichezi, ikaishia milioni 21 na ushee.

Halafu PS2 ilisoma CD za PS ya kwanza. Mtu ana CD thelathini ndani, unamwambia nunua mashine mpya na CD zako hazitupwi. Unadhani atakwenda wapi?

Mvita_Kale

DVD peke yake hapana, fundi. PS3 ya 2006 ilikuja na Blu-ray, mrithi wa DVD, na ile kubwa iliuzwa dola 599. Watu wakaikimbia miaka ya mwanzo, mpaka iliposhuka bei. Kitu cha ziada chauza mashine ikiwa mnunuzi ameshakitamani. Akiwa bado, ni gharama tu.

Kibandani

Mimi niwape ya kibandani. Kuanzia 2003 nilikuwa na kibanda cha gemu Mbeya, Mwanjelwa. TV za chogo tatu, mabenchi, pazia la kanga mlangoni ili jua lisipige kioo. Unalipia mechi, aliyefungwa anapisha.

Nilianza na PS ya kwanza mbili. Nilipopata hela kidogo nikashuka Kariakoo kutafuta mashine ya tatu. Muuzaji mmoja akanionyesha Dreamcast ya mtumba, nyeupe, safi kama haijawahi kushikwa, bei chini ya nusu ya PS2. Akaniwashia gemu la kupigana mapanga, Soulcalibur. Wakuu, niliduwaa. Nikasema kibanda changu kitajaa mpaka barabarani. Nikalipa.

Nimefika Mbeya, vijana wamejaa, swali la kwanza: "Wining ipo?" Yaani Winning Eleven, gemu la mpira. Haipo. "FIFA?" Haipo, maana EA, wenye FIFA, waligoma kabisa kuitengenezea Dreamcast gemu hata moja. Kulikuwa na mpira wa Sega wenyewe. Wakaucheza siku mbili. Siku ya tatu wamepanga foleni kwenye PS za zamani, picha zimekatikakatika, na mashine nzuri kuliko zote imekaa pembeni kama mgeni ambaye hajakaribishwa chakula.

Baada ya mwezi pedi moja ikafa. Nikauliza Mwanjelwa yote, nikaagiza Dar, hakuna. Nilipokuja kununua PS2 nikaona tofauti. Pedi zake ziliuzwa mpaka kwenye maduka ya vyombo. Raba ya analogi ikichunika, nakata kipande cha tyubu ya baiskeli naivisha, kazi inaendelea. Mashine inawashwa saa tatu asubuhi inazimwa saa nne usiku, vumbi la Mbeya mnalijua, lenzi lazima ichoke. Fundi anazungusha skrubu kidogo, ikikataa anaweka nyingine siku hiyohiyo.

Sasa kwa nini vipuri vilikuwepo? Kwa sababu jirani anayo. Na jirani kanunua kwa sababu mimi ninayo, CD yangu anaazima, yake naazima. FIFA waliendelea kuitolea PS2 mpaka FIFA 14, mwaka 2013. Miaka 13! Mwenye kibanda anataka nini zaidi?

MtotoWaChumbageni

Mgeni ambaye hajakaribishwa chakula, hahaha. Umetisha mkuu.

ShemejiWaLeicester

Kibandani kagusa kuazimana CD. Kumbukeni 2013, Xbox One inatangazwa. Microsoft wakasema mashine lazima ijiripoti intaneti kila baada ya saa 24, na CD ukimpa mwenzio kuna masharti. Bei dola 499. Mwezi uliofuata Sony wakatoa kivideo kifupi cha maelekezo ya kuazimana gemu kwenye PS4: mtu mmoja anamkabidhi mwenzake boksi la CD, mwenzake anasema asante. Basi, video imeisha. Bei 399. Haikupita muda Microsoft wakafuta yale masharti, lakini watu walishachagua upande.

BintiPangani

Kaka zangu mnabishana za kwenye TV, mimi nina ushahidi wa mkononi.

Mjomba wetu alikuwa Maskati. Likizo moja akatuletea Game Gear ya Sega, na binamu zetu wa mtaa wa pili akawaletea Game Boy ya Nintendo. Siku ya kwanza tuliwacheka. Yetu ya rangi, kioo kinawaka chenyewe hata umeme ukikatika. Yao kijani kama maji ya bwawa, taa haina, inabidi wakae kizingitini wapate mwanga.

Lakini yetu inakula betri ndogo sita, na zinakwisha kwa saa tatu, nne, ukibahatika tano. Yao nne, na wiki nzima ya kucheza baada ya shule na chuo bado zinadunda. Mama alinunua mara mbili, ya tatu akagoma. Nikachomoa mbili za rimoti, nikaanika juu ya bati tatu zilizokufa ili zipate nguvu, ya sita nikaitoa kwenye saa ya ukutani. Saa ikaganda saa nane na robo. Sasa bibi alikuwa anaiangalia ile saa ili awashe redio kwa wakati wa matangazo ya vifo. Siku hiyo akayakosa, na marehemu alikuwa shoga yake wa Mkwaja. Fimbo zile sitazisimulia hapa.

Ukubwani ndipo nikasoma kwamba zile betri zilipangwa. Gunpei Yokoi, aliyeongoza kazi ya Game Boy, aliingia Nintendo kama fundi wa mitambo ya kutengenezea karata. Imani yake ilikuwa kuchukua teknolojia iliyokwisha kuzoeleka, ya bei chini, halafu kuitafutia matumizi mapya. Washindani walikimbilia kioo cha rangi, yeye akaangalia betri na mfuko wa mzazi. Marekani 1989 Game Boy ilitoka kwa dola 90 hivi na Tetris, gemu la kupanga matofali, imo kwenye boksi. Atari Lynx ya rangi, mwaka uleule, 180 hivi. Game Boy pamoja na ile ya rangi iliyofuata zimeuzwa milioni 118. Game Gear haikufika 11.

Na hiyo Tetris msiipite haraka. Nintendo wangeweza kuweka Mario, ni Henk Rogers, mfanyabiashara wa gemu, aliyewashawishi waweke Tetris. Mama yangu, huyohuyo aliyegoma kununua betri, alikuwa akiaga anakwenda kumsalimia dada yake, tukimfuata tunamkuta kizingitini kwa binamu anapanga matofali.

Fundi_Redio

Dada, naunga mkono, ila huyohuyo Yokoi mwaka 1995 alitoa Virtual Boy. Unainamia kama unachungulia kisima, rangi nyekundu tupu, kichwa kinauma. Hazikufika milioni moja, ndani ya mwaka ikafutwa. Kwa hiyo hata mwenye dawa huumwa.

BintiPangani

Kweli. Ila ile watu wanasema ilitolewa kabla haijaiva.

ShemejiWaLeicester

Turudi kwenye Dreamcast. Mbona hakuna aliyetaja wizi? Kuanzia 2000 ilikuwa unachoma gemu kwenye CD ya kawaida, unaweka, inacheza. Hata chipu ya kuidanganya mashine haihitaji. Nani angenunua gemu halali?

Fundi_Redio

Na PS2 ulizoziona Kariakoo zilikuwa zinasoma CD gani, za dukani? Mimi mwenyewe nimechomelea chipu mpaka vidole vikapata sugu. Wizi ungekuwa ndio unaua, PS2 ingezikwa kabla ya Dreamcast.

Mvita_Kale

Ndugu zangu mwaanza kisa katikati. Dreamcast ilikufa kabla haijazaliwa.

Rudini mwisho wa 1994. Sega wauza 32X, kidude cha kuchomeka juu ya Mega Drive, mashine yao ya zamani, ili ipate nguvu. Mzazi Mmarekani amnunulia mwanawe Krismasi. Mei 11, 1995, kwenye maonyesho ya gemu ya E3 kule Los Angeles, Sega wapanda jukwaani kusema Saturn, mashine mpya kabisa, ishaingia madukani leo hii, dola 399. Walikuwa wameahidi Septemba. Wenye maduka ambao hawakupewa walikasirika, KB Toys wakakataa kuiuza. Watengenezaji wa gemu walikuwa wajipanga kwa Septemba, gemu zenyewe hazijaiva. Siku hiyohiyo akapanda Steve Race wa Sony, akataja bei ya PlayStation, "299", akashuka. Makofi.

Sasa yule mzazi wa 32X ana kidude kisicho na gemu, cha miezi sita. Ukimrudia 1999 na mashine nyeupe nzuri, na modemu, na pedi nne, atakuambiaje? Aliyetafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. EA nao walishtuka vilevile, na ndiyo FIFA aliyoikosa Kibandani. Sony walijua: PS2 waliitangaza Machi 1999, miezi sita kabla Dreamcast haijafika Marekani. Watu wakakaa na pesa zao wakingoja. Sega wakashusha bei mpaka 149, kisha Februari 2001 mpaka 99. Kila bei ikishuka, mnunuzi yuwasoma kwamba mgonjwa hali yake ni mbaya, hanunui, naye mgonjwa azidi.

Mdogo wako mwambie mashine haikuwa mbovu. Ilirithi deni.

MtotoWaChumbageni

Mzee Mvita hapo umenena. Lakini wakuu, mbona sasa gemu zenyewe mnaziweka pembeni? Mimi siku zote nimesikia "gemu nzuri ndiyo inayouza mashine."

ShemejiWaLeicester

Inauza, ila haitoshi. Chukua Mario Kart 8. Kwenye Wii U, mashine ya 2012, ziliuzwa milioni 8 na nusu hivi. Gemu hilohilo likaongezewa vitu kidogo, likahamia Switch 2017, likapita milioni 60. Barabara zilezile, Mario yuleyule. Wii U yenyewe iliishia milioni 13 na nusu, Switch imevuka 150.

Wii U jina tu lilitosha kuipoteza, watu wengi walidhani ni kifaa cha kuongezea kwenye Wii waliyonayo. Ile pedi yake yenye kioo ukitoka nayo chumba cha tatu imekata mawasiliano. Switch ikachukua wazo lilelile ikalimalizia: beba, toka nayo.

Na Wii ya mwanzo, 2006, dola 249, ilikuwa dhaifu kuliko PS3 na Xbox 360 kwa mbali, HD haina. Imeuza zaidi ya milioni 101. Nilikuwa nafanya kazi nyumba ya kutunzia wazee huku Leicester. Kulikuwa na bibi mmoja wa themanini na kitu, kwenye kiti cha magurudumu, rimoti imefungwa kamba mkononi, anarusha tufe la boling kwenye Wii Sports. Akiangusha vigingi vyote anawatazama wenzake mmojammoja, haongei. Pedi ya PS hajawahi kuishika maishani, na asingeishika.

MtotoWaChumbageni

Nimemsomea mdogo wangu uzi wote. Kakubali kuhusu Dreamcast, kwa shingo upande. Sasa ameanza jingine: anataka kuiona kwa macho. Kibandani, mkuu, ile yako iliishia wapi?

Kibandani

Niliiuza 2005 kwa kijana wa Tunduma, hata nusu ya nilichotoa sikupata. Ila nilimpa bila waya wa umeme, alisema anao. Ule waya ni wa matundu mawili, sawasawa na wa PS2 nene. Ndio unaowasha PS2 yangu ya nyumbani mpaka leo, haujawahi kunisumbua hata siku moja.