Mrejesho: Kurukia kiitikio kwenye rekoda ya treki nyingi

Wakuu, niliuliza namna ya kurudi kwenye kiitikio bila kurudisha wimbo mzima kwenye rekoda ya treki nyingi (mashine inayorekodi kila sauti kwenye njia yake), maana wanakwaya huku Sinza walishachoka kunisubiri. Imekubali! Wimbo ukiwa unacheza, nabonyeza kitufe cha alama, kinachotia alama pale wimbo ulipofika, na namba yake inatokea kwenye kioo. Kuruka toka alama hadi alama ni vile vitufe viwili vya mbele na nyuma.

Angalizo: kwenye mashine yangu namba zinafuata mtiririko wa wimbo. Ukichomeka alama katikati, ya 3 inageuka ya 4, kwa hiyo kwenye karatasi andikeni "kiitikio cha pili", siyo namba. Kufuta nako ni kwa kitufe kilekile cha alama, ila lazima usimame juu ya alama yenyewe. Ukipitiliza kidogo tu, unaongeza nyingine.

Mimi alama naziweka mapigo manne kabla ya sauti kuingia, wapate pumzi. Aliyeshauri niandike dakika na sekunde kwenye daftari, asante mkuu, ila hiyo inataka subira ya kusubiri basi la mwendokasi.