Kifurushi cha elfu mbili kimekatwa MB, na huku Newala kijijini mnara ni mmoja. Tuhamie wapi?

Wakuu, mtanisamehe nisianze na salamu ndefu, hasira zimenijaa tangu asubuhi.

Niko kijijini wilaya ya Newala, karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, na huu ni msimu wa korosho. Mnada ukiisha, wakulima wanasubiri nirushe bei kwenye kundi la WhatsApp pamoja na picha ya karatasi ya mauzo, kila mtu ajue kilo yake imekwenda kwa ngapi kabla hajadanganywa njiani. Bando nanunua kwa hela yangu. Kwa Sh 2,000 nilikuwa napata MB 900 za wiki. Jumatatu nimejiunga kama kawaida, ujumbe unarudi: MB 650. Bei ileile, jina la kifurushi lilelile, na hakuna aliyenitaarifu. Nikapiga huduma kwa wateja, nikasikilizishwa muziki weee, mwisho dada akapokea: "Ndugu mteja, vifurushi vyetu vimeboreshwa."

Vimeboreshwa! MB 250 zimeondoka kwenye hela ileile, halafu naambiwa nimeboreshewa.

Pigeni hesabu nami. MB 900 kwa elfu mbili ni kama Sh 2.22 kwa kila MB. MB 650 ni kama Sh 3.08. Nimepandishiwa zaidi ya theluthi, na kwa mipaka ya bei hawajavunja kitu, kwa sababu MB moja imeruhusiwa kuuzwa kati ya Sh 2.03 na Sh 9.35. Bei ya juu ni zaidi ya mara nne ya bei ya chini! Wakitaka wanikate tena mwezi ujao, na mwingine, na bado watakuwa ndani ya mstari. Mpaka mpana hivyo unamlinda nani?

Najua atakuja mtu kuniambia "hama mtandao". Ndugu yangu, kuhama na namba yako kuliruhusiwa tangu Machi 1, 2017, na ni jambo jema kabisa. Ila mimi nihamie wapi? Mnara hapa ni mmoja. Laini ya kampuni nyingine inaanza kushika ukishuka hadi barabara kubwa, mwendo wa saa nzima kwa miguu, na hapo pia inashika na kuachia. Mjomba aliyeko Mtwara mjini alimnunulia bibi yangu laini ya namna hiyo ili wawe wanaongea kwa bei nafuu. Imekaa ndani ya kopo tangu siku ile. Bibi akitaka kumpigia mwanawe, anarudi kwenye laini ya huu mnara wetu na kulipa wanachotaka.

Ukiwa Mtwara mjini utaona ushindani kwa macho yako: Vodacom, Airtel, Yas, Halotel, TTCL, kila mmoja na mwavuli wake, wanakuita wenyewe. Ukipanda huku kwetu hesabu hiyo inakuwa moja. Kwa hiyo anayesema soko la Tanzania lina ushindani anasema kweli ya mjini.

Na sisemi mdhibiti wa mawasiliano, TCRA, hawezi kitu. Anaweza, tumeshaona. Wakongwe mnakumbuka tulivyotembea na laini tatu mfukoni, kwa sababu kupiga mtandao mwingine kulikuwa kunamaliza vocha kabla hujamaliza salamu. Kampuni hazikutuonea huruma. TCRA ilishusha ile ada ambayo mtandao mmoja unautoza mwingine kwa kupokea simu zake: kutoka Sh 112 hadi Sh 34.92 Machi 2013, kisha Sh 15.60 Januari 2018, na ikaendelea kushuka. Mwenye wateja wengi akakosa ukuta wa kuwafungia ndani, mdogo akapata pumzi, na ndiyo maana leo unajiunga dakika za mitandao yote bila kuwaza. Halotel ilipoingia Oktoba 2015 na minara ya vijijini, waliokuwepo walilazimika kuamka. Kwanza mtu alifungua mlango, ndipo washindani wakapita.

Basi mlango ufunguliwe na huku. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote upo kwa sheria ya 2006, na unatoa ruzuku kampuni zijenge minara pasipo na faida. Hiyo ni hela ya umma! Kila mnara uliojengwa kwa ruzuku ubebe laini zote, kwa malipo yaliyopangwa na mdhibiti, kama alivyopanga ile ada ya simu. Na palipo na mnara mmoja, bei ya MB isiachiwe mpaka wa 9.35. Wawekewe mpaka wao, mdogo, hadi siku atakapofika mshindani.

Msiniambie kelele hazisaidii. Aprili 2, 2021 vifurushi vilibadilishwa nchi nzima, watu wakapiga kelele, na serikali ikasitisha siku hiyohiyo. Tofauti ni kwamba siku ile waliumia na watu wa mjini.

Walioko Tandahimba, Nanyumbu, Liwale, Nachingwea, Kilwa, andikeni hapa chini: mna minara ya kampuni ngapi, na elfu mbili inawapa MB ngapi kwa wiki. Nataka kuipeleka orodha hii kwa mdhibiti ikiwa na vijiji vyote. Yangu ndiyo ya kwanza: kampuni moja, MB 650.