Saini ya upasuaji wa kujifungua ni ya nani, yangu au ya mume wangu?

Mama wa Pili (Mombasa): Ndugu zangu, naomba ushauri. Nina mimba ya wiki 34, na mtoto wa kwanza nilimpata kwa upasuaji. Kliniki wameniambia kwamba na huyu atatolewa vivyo hivyo. Nilipouliza kama ninaweza kujaribu njia ya kawaida, nilisogezewa fomu yenye nafasi ya saini ya mume nikaambiwa nirudi naye. Mume wangu ni baharia na hatakuwa amerudi. Je, nani atanitilia saini?

Mkunga Mstaafu: Mwanangu, uliuliza swali ukapewa fomu. Rudi uwaulize kovu lako likoje na kwa nini ulipasuliwa. Aliyepasuliwa mara moja, kwa mkato wa chini uliolala, hatari ya mfuko wa uzazi kupasuka wakati wa uchungu ni takriban mmoja kati ya 200. Mkato wa wima una hatari kubwa zaidi. Ukichagua kusubiri uchungu, jifungulie penye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezwa. Nimeona wengi wakishikishwa kalamu uchungu umeshapamba moto, na saini ya namna hiyo mimi siihesabu kuwa ridhaa.

Ami wa Likoni: Pamoja na hayo, mtoto ni wa wote wawili. Mume ana haki ya kusema.

Wakili wa Pwani: Kusema, naam, kuamua, hapana. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa, kwa lugha anayoielewa, njia zilizopo, faida, hatari na gharama zake, pamoja na haki ya kukataa na matokeo ya kukataa huko. Kifungu cha 9 kinadai ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Pale ambapo kuchelewa kunaweza kuleta kifo au madhara yasiyorekebishika, kifungu hicho huruhusu tiba bila ridhaa ikiwa mgonjwa hakuwa ameikataa. Dada, mteue kwa maandishi sasa hivi mtu wa kukuamulia iwapo utapoteza fahamu. Anaweza kuwa hata mama yako. Ukikataa upasuaji, wanaweza kukutaka uthibitishe hivyo rasmi.

Mama wa Pili: Nashukuru. Leo nimesomewa faili: mkato ulikuwa wa chini, na sababu ilikuwa mtoto kutanguliza makalio. Huyu ametanguliza kichwa. Daktari amekubali tukae Jumatatu, na nitakwenda na mama.