Makocha wa kikapu Dar, mnaua vipaji kwa mifumo ya kunakili

Wakuu, heshima mbele. Leo nina hasira na sitapunguza makali.

Kila msimu wa ligi ya mkoa ni yale yale. Timu inasajili pointi gadi, yule mwongoza mpira, anayempita yeyote kwa dribo, inasajili na senta mrefu anayetawala chini ya kikapu, halafu kocha anatoa mfumo YouTube na kuwalazimisha. Wakifungwa, pale Donbosco Upanga utasikia maneno yaleyale: "dogo hana nidhamu", "dogo mbinafsi". Nidhamu gani, wakati mmemweka mahali ambapo kipaji chake hakina kazi?

Chukueni pembetatu, ule mfumo wa kushambulia, maana ndiyo inayowapumbaza wengi. Gadi anampa winga, mchezaji wa pembeni, pasi, kisha anakimbilia kona ya upande uleule. Senta anakaa chini, upande huohuo. Hao watatu ndio pembetatu. Wawili waliobaki, mmoja anasimama juu na mwingine upande wa pili. Kati ya mtu na mtu inatakiwa kama meta 4.5 hadi 5.5, ili beki mmoja asiweze kukaba wawili. Sasa angalieni kwetu. Gadi ambaye silaha yake ni kuingia kwa dribo ameshatoa mpira, yuko kona anasubiri. Shuti la mbali hana. Beki wake analijua hilo, anamwacha na kurudi kumlalia senta. Senta akigusa mpira tu tayari ana wawili, mmoja mgongoni, mwingine anaupiga mpira mikononi. Pasi moja, vipaji viwili vimezimwa.

Na saa inakimbia. Shambulizi lina sekunde 24; zikitumika 8 kuvuka nusu ya uwanja, zinabaki 16. Winga amezibiwa njia ya pasi. Mfumo wenyewe una majibu: winga akate nyuma ya beki, au mpira upite kwa mtu wa juu. Lakini majibu hayo yanatokana na kumsoma beki, hayakaririwi ubaoni. Yanataka mazoezi ya watu walewale watano, mfululizo, kwa miezi. Timu zetu nyingi zinafanya mazoezi jioni, watu wanatoka kazini, nusu ya kikosi imekwama kwenye foleni. Mtaujenga lini? Mwisho wake sekunde zimebaki 4, mpira unarudishwa kwa gadi yuleyule, meta 8 kutoka kikapuni, arushe. Akikosa, mbinafsi.

Najua kuna atakayeniletea Chicago Bulls ya Michael Jordan, timu ya NBA, ligi ya Marekani, iliyobeba ubingwa kwa pembetatu. Sawa. Kocha Phil Jackson alikabidhiwa timu 1989, ubingwa wa kwanza ukaja 1991, na Tex Winter, mwalimu wa mfumo huo, alikuwa naye benchi. Tena Jordan hakufichwa kona. Alipewa mpira karibu na kikapu, akaendelea kuongoza NBA kwa kufunga. Pembetatu ilikunjwa ikamfuata yeye.

Mnaodhani kosa huwa la mchezaji, tazameni Pau Gasol, yule mrefu wa Lakers, timu nyingine ya NBA iliyofundishwa na Jackson. Ndani ya pembetatu, Lakers wakachukua ubingwa 2009 na 2010. Msimu wa 2012/13 akaja kocha Mike D'Antoni na mchezo wa kasi, Gasol akasukumwa mbali na kikapu, kuna mechi alianzia benchi, watu wakasema kaisha. Akahamia Chicago, na 2015 akaanza mechi ya All-Star, ile ya nyota wa NBA. Mtu aliyekwisha anaanzaje All-Star?

Siku hizi kuna mtindo mwingine: watano wote nje. Senta wa meta 2 asiye na shuti anasimamishwa kwenye mstari wa pointi tatu, meta 6.75. Beki wake anabaki chini, njia ya kuingia imefungwa, na shuti likikosa hakuna wa kuchukua ribaundi, yaani mpira uliokosa kuingia. Ribaundi ya mashambulizi inawapa sekunde 14 mpya, nyie mnaitupa kwa hiari.

Kazi yenyewe haihitaji makaratasi. Kaeni na daftari mechi mbili, andikeni kila mchezaji anafunga akiwa wapi na kwa njia gani. Gadi mwingiaji na senta mwenye nguvu? Senta aje kumwekea gadi skrini juu, yaani asimame amzibie beki wa gadi, kisha ageuke akimbilie kikapuni. Kona mbili wakae wapigaji wenu wawili bora, miguu nje ya mstari, wasisogee mpaka beki wao aingie kusaidia. Wa tano akae winga, upande ambao gadi haendi. Beki wa kona akiingia, pasi ya kona. Asipoingia, pasi kwa senta au gadi amalizie mwenyewe kwa leyapu, shuti la karibu kabisa na kikapu. Wafanyeni dakika 20 kila mazoezi, kwanza watatu kwa watatu, ndipo watano.

Mchezaji asiyetoa pasi kwa mtu aliye wazi mkalisheni benchi, hapo sibishani. Ila kocha unayesoma uzi huu, nijibu: mechi iliyopita, mfungaji wako alipata mpira mara ngapi mahali anapofungia?