Naomba ushauri: vijana wa dukani na simu janja, nianzie wapi?

Spea_Mwanjelwa: Habari za jioni wakuu. Duka ni la spea za pikipiki hapa Mwanjelwa, Mbeya, vijana wawili. Sio wavivu. Ila mteja anaomba cheni ya 428, anapewa ya 420. Chenji inatoka pungufu au inazidi. Mtu anasalimia, anajibiwa "mmh", macho yako kwenye kioo. Kupiga marufuku simu haiwezekani: oda za Tunduma na Chunya zinaingia WhatsApp, na meseji za malipo zinaingia humohumo. Nifanyeje bila kugeuka askari?

Mnyalu_Kihesa: Pole mkuu. Hapo kazi na starehe umeziweka chombo kimoja. Kijana akifungua asome oda, anakutana na kundi la michango ya harusi na video tatu. Akirudi kwa mteja, nusu ya akili imebaki kule. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha jambo hili mwaka 2009. Namba ya spea inashikwa kichwani kwa sekunde chache tu, kutoka kaunta hadi kwenye rafu, na simu ikilia hapo katikati imeshafutika. Kwa hiyo kwanza kabisa: kijitabu na kalamu kaunta, namba iandikwe mbele ya mteja kabla mtu hajageuka kwenda rafuni.

Pili, kuondoa mlio hakutoshi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, 2017, uliwapima watu simu zikiwa kimya: mezani, mfukoni au begini, na chumba kingine. Wa chumba kingine walifanya vizuri kuliko wa mezani. Waliourudia baadaye hawakupata jibu moja wote, kwa hiyo usiufanye msahafu. Lakini kuujaribu kunakugharimu droo tu ya kuwekea simu zao wakiwa kazini.

FundiSimu_Kabwe: Mtu akikwambia "weka Usinisumbue", yaani ile hali ya simu ya kuzuia milio, umalize, subiri kwanza. Ukiiwasha huku umeruhusu watu walio kwenye majina pekee, meseji ya M-Pesa itaingia kimya, maana mtumaji wake hayumo kwenye majina. Utakuja kugombana na mteja aliyeshalipa.

Nunua kitochi. Laini ya duka, iliyosajiliwa kwa jina lako na sio la kijana, ihamie humo, na malipo yote yaelekezwe kwenye laini hiyo. M-Pesa inafanya kazi kwa *150*00# bila intaneti. Tatizo la vitochi ni moja: nafasi ya meseji ni ndogo, ikijaa mpya haziingii. Futa kila jioni baada ya kuandika kwenye daftari. Na meseji isiwe ndiyo ushahidi wa mwisho, za kughushi zipo tele. Kama ni hela nyingi angalia salio.

Kwenye simu janja zao: Mipangilio, kisha Nidhamu Dijitali, mtaona kila programu imekula muda gani. Waangalie wenyewe, usiwasomee kama hakimu. Hapohapo wanaweka kikomo cha TikTok kwa siku.

Spea_Mwanjelwa: Asante fundi. Sasa oda za Tunduma? Mteja wa kule akikaa nusu saa hajajibiwa anahamia duka jingine.

Dada_Soweto: Kaka, WhatsApp ya duka iwe kwenye simu moja ya duka, isiwe na kitu kingine. Weka WhatsApp Business, kuna ujumbe unaojijibu: "Tumepokea. Oda zinasomwa saa 4, saa 7 na saa 10. Ya haraka piga namba hii." Namba iwe ya kitochi. Mwenye haraka kweli atapiga, wengine watasubiri wakijua saa. Zima pia kupakua picha na video zenyewe, bando litadumu.

Usizime arifa zote kwenye simu zao binafsi, hapo wengi wanakosea. Utafiti wa 2019 uliwagawa watu: wengine wakapokea arifa kwa mafungu matatu kwa siku, wengine hawakupokea kabisa. Wa mafungu walitulia. Wasiopokea kabisa walizidi wasiwasi kwamba kuna jambo linawapita. Mtu anayehofia msiba nyumbani hawezi kuhesabu chenji. Wakumbushe mipangilio ya mtu akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15: simu italia hata kama Usinisumbue imewashwa.

Mnyalu_Kihesa: Niongeze la usingizi. Wengi wananunua bando la usiku, na likiisha muda alfajiri mtu anakesha ili asipate hasara. Asubuhi unamlaumu kwa 420. Ongeza kidogo kwenye posho ya bando la mchana, halafu muda wa chakula cha mchana uwe huru kabisa, simu ruksa.

Spea_Mwanjelwa: Nimeelewa. Hiyo droo niifunge kwa ufunguo?

Dada_Soweto: Usifunge kaka, waweke wenyewe na wachukue wenyewe saa zikifika. Halafu na ya kwako iingie humohumo.