Naomba ushauri: wakala anataka niende Dubai kwa viza ya matembezi

Assalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mpishi kwenye hoteli moja Nyali, Mombasa, na wageni wakipungua hupewa likizo isiyo na mshahara. Kuna wakala hapa mjini anayenitafutia kazi Dubai. Mkataba kanitumia kwa WhatsApp, picha imekaa upande: juu pameandikwa mpishi, dirham 1,800 kwa mwezi, chini, kwenye jina la kazi, msafishaji. Nilipomuuliza akajibu, "Hiyo ni ya makaratasi tu." Tena anataka niondoke na viza ya matembezi, ya kazi nibadilishiwe hukohuko, na nitangulize shilingi 150,000.

Nijuavyo, sheria ya kule yamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, na kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa. Mjomba anasema niende, Mungu atafungua njia (yeye mwenyewe kuvuka feri ya Likoni ni safari).

Mlioko huko, yupo aliyebadilishiwa viza kweli? Na nitahakikisha vipi kama wakala huyu amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira? Pesa sijatoa, na pasipoti bado ninayo mimi.