Poti za ruta zimejaa: swichi, kigawanyio au ruta ya zamani?

Muulizaji: Wakuu, ruta ya faiba ina poti 4 za LAN (za vifaa vya ndani ya nyumba) na zote zimejaa: TV, kompyuta, king'amuzi, rekoda ya kamera. Bado printa, kompyuta ya pili na kifaa cha Wi-Fi cha chumba cha nyuma, mita 20 hivi. Ruta ya zamani ipo. Dukani kuna vigawanyio pia, jeki moja inatoa mbili. Nichukue kipi?

Jibu 1: Kigawanyio achana nacho mkuu. Ndani ni nyaya zilizounganishwa tu. Vifaa viwili vikiwaka pamoja vinagongana. Nunua swichi, kisanduku cha kuongeza poti, ya gigabiti (megabiti 1,000) isiyohitaji kusetiwa. Ila piga hesabu: swichi ya poti 5 inatoa poti 1 kwenda kwenye ruta, na kifaa ulichokichomoa pale kinahamia kwenye swichi. Zinabaki 3, nazo zinajaa siku hiyohiyo. Chukua ya 8.

Jibu 2: Ruta ya zamani nayo inafaa. Ichomeke kwenye kompyuta peke yake, ipe anwani 192.168.1.2 kama ruta kubwa (ya faiba) ni 192.168.1.1, ingia upya kwa anwani hiyo, kisha zima DHCP (huduma inayogawa anwani kwa vifaa), ibaki ya ruta kubwa tu. Waya wa ruta kubwa uingie LAN, si WAN (poti ya kuingizia intaneti). Ukiingia WAN unapata mitandao miwili: intaneti inafunguka vizuri, ndiyo maana watu hawagundui kosa, lakini simu iliyo kwenye ruta kubwa haiioni printa iliyo kwenye ya zamani. Poti zikiwa za 10/100, hazivuki megabiti 100.

Jibu 3: Mita 20 si kitu, waya wa mtandao wa Cat5e unafika mita 100. Ogopa waya wa alumini uliopakwa shaba: kwangua ncha kwa kisu, ukiona weupe rudisha dukani. Ukibana jeki, ncha zote mbili zifuate mpango mmoja: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ganda la nje libanwe ndani ya jeki, la sivyo ukivuta kidogo nyaya zinachomoka. Kasi ikikwama 100, kagua bluu na kahawia kwanza: megabiti 100 hupita kwenye chungwa na kijani tu, gigabiti inataka nyaya zote 8.

Muulizaji: Kifurushi ni megabiti 50. Swichi haitaipunguza?

Jibu 1: Hapana. Waya wa swichi unabeba megabiti 1,000. Angalia tu usiunganishe swichi na ruta kwa nyaya mbili. Data itazunguka bila kikomo, taa zote zitapepesa kwa kasi na nyumba nzima itakosa mtandao mpaka uchomoe mmoja.